Kapteni Nguchiro na Mama Mkwe

Jumatatu, 17 Machi

Kiwanda cha chai ninakofanya kazi hutugawia shajara kila Januari, na kila Desemba yangu huwa nyeupe kama ilivyokuja. Mwaka huu nimeifungua kwa sababu nina malalamiko mawili na hakuna mtu hapa nyumbani anayetaka kuyasikia.

La kwanza ni gemu. Inaitwa Kapteni Nguchiro, na imetokana na filamu ya katuni ya nguchiro anayeendesha ndege, ambayo binti yetu Tecla aliipenda kwa wiki moja alipokuwa mdogo. Walioitengeneza gemu walikuwa wanakimbizana na filamu, na inaonekana. Nguchiro anatembea kama amevaa gambuti za mtu mwingine. Mara anazama ardhini bila sababu, kinabaki kichwa. Kila akiokota njugu, au akifufuka, anapiga kelele, "Mkia juu, marafiki!" na njugu zimemwagwa kila mahali.

Chemutai, mke wangu, ameniuliza kwa nini naicheza kama naichukia hivyo. Nimemwambia ni pointi. Kila gemu kwenye hii mashine ya kuchezea ina tuzo zake, kila tuzo ina pointi zake, na pointi hubaki kwenye jina lako hata ukiigawa gemu yenyewe. Gemu nzuri hukutoa jasho kabla ya kukupa kitu. Hizi mbovu za filamu hugawa pointi ovyo, kwa hivyo sisi wenye tamaa huzimaliza huku tumeziba pua. Kipkurui, karani wa mizani kazini kwetu, amenipita kwa pointi, na yeye si mtu wa kushinda kimya.

La pili ni kwamba mama mkwe wangu anakuja kesho kukaa nasi.

Jumanne, 18 Machi

Amekuja. Rodah, mama yake Chemutai, anaishi peke yake Merigi na ng'ombe wake na kipande chake cha majani chai. Januari alipatwa na kiharusi. Mguu umerudi, ulimi umerudi tena ukiwa mkali, lakini mkono wa kushoto umelala. Kutoka hapa Mogogosiek ni rahisi kumpeleka Kaplong hospitalini kwa mazoezi, kuliko kutoka kwake.

Wazee wa kwetu kando ya ziwa na wazee wa kwao hawapatani kwa mambo mengi, lakini kwa hili wamepatana kabisa: mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali wakitazamana, na hawalali chini ya paa moja. Sasa nyumba yetu ya laini, hizi za mstari za wafanyakazi, ina vyumba viwili na jiko. Nimeomba zamu ya usiku kiwandani mpaka aondoke. Mchana nitalala sebuleni, naye atakaa nje kwenye jua au chumbani mlango umefungwa. Chemutai ni mwalimu, yeye na Tecla hawarudi kutoka shuleni mpaka jioni, hata likizo, kwa masomo ya ziada.

Nilimsikia mama mkwe akimwambia Chemutai, "Mchana si kulala. Hiyo ni kusinzia tu. Haina makosa." Basi ninasinzia.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imeanza kwa nguvu. Jua la kukaa nje limekwisha.

Jumanne, 25 Machi

Tunazungumza kupitia mlango. Yeye hamwambii Baba Tecla, yaani mimi, kitu. Anauambia mlango.

"Hii nyumba watu wanakunywa chai saa ngapi?" mlango ukaulizwa leo.

Nami nikalijibu birika. "Chai iko tayari, mwenye kutaka atapata hapa mezani." Nikatoka nje na mwavuli kusimama kama askari hadi nisikie kikombe kimewekwa chini. Gemu yenyewe imefika kwenye pango la barafu. Barafu ni ya rangi ya bluu ya sabuni ya kipande.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimeelewa shida yenyewe ilivyo. Daktari wa mazoezi alimpa mama mpira laini wa kufinya kwa mkono wa kushoto, asubuhi na jioni. Chemutai ameukuta ndani ya debe la unga.

"Mama, hii mpira inafanya nini kwa unga?"

"Mpira ni ya watoto."

"Daktari alisema mkono ukikosa kazi itakauka. Unataka ikauke?"

Kisha nikasikia mama akilia, na sijawahi kumsikia akilia, hata kwenye mazishi ya mumewe. Nilikuwa jikoni nimeshika sahani, sikujua niende wapi nayo.

Baadaye Chemutai alinieleza. Kaka yake Jonah, anayefanya kazi Narok, amesema mwisho wa Mei atakuja. Mkono ukiwa bado, ng'ombe watagawiwa jamaa wawatunze, kama watu wa kwao wanavyofanya tangu zamani, na nyumba ya Merigi itafungwa. Jonah si mbaya. Tangu Januari ng'ombe wanakamuliwa na jirani na wanakaribia kukauka maziwa, na mama hawezi kukaa peke yake na mkono mmoja. Lakini mama amemwambia Chemutai kwamba ng'ombe wakitoka kwenye boma lile, hatarudi tena, atakuwa mgeni wa watoto mpaka afe.

Ninaandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma: nilimhurumia, na papo hapo nikawaza kwamba nami nitakuwa wa zamu ya usiku mpaka nistaafu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemaliza Kapteni Nguchiro. Nilidhani nimemaliza. Kumbe kuna tuzo moja imebaki, inaitwa Mikono Minne: lazima sehemu ya daraja ichezwe na watu wawili, kwenye kochi moja, kontrola mbili. Haiwezekani kwa mtandao. Kipkurui anayo gemu hiyohiyo na tuzo hiyo imemshinda, kwa sababu anaishi peke yake na watu wamechoka naye. Nikiipata mimi, nampita.

Nilimwomba Chemutai. Alishika kontrola dakika mbili, akacheka mpaka akalala kwenye zulia, akarudi kusahihisha vitabu. Nilimwomba Tecla, ambaye gemu hii ilitengenezewa watoto kama yeye. "Dadi, hiyo gemu ni mbaya," akasema, akaenda kuruka kamba.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilikuwa nacheza peke yangu kutafuta ujanja, kontrola moja mkononi, ya pili nimeibana kwa magoti. Mvua ilikuwa inapiga mabati, sikusikia mlango wa chumbani ukifunguka. Sauti ikatoka nyuma yangu.

"Iko nyuma ya jiwe."

Sikugeuka. "Nini, Mama?"

"Kamba. Unapita unapita, na kamba iko nyuma ya jiwe."

Ilikuwepo kweli. Nikaivuta, lango likafunguka.

"Huyo panya ni mjinga," mama akasema.

"Ni nguchiro, Mama."

"Mimi nimefuga kuku tangu niolewe. Nguchiro naijua. Hiyo ni panya."

Kwa muda wa mvua nzima alisimama pale nyuma akinielekeza, nami nikatii. Ilinijia baadaye, nikienda kazini, kwamba ndiyo mara ya kwanza kwa miaka kumi ya ndoa tumezungumza bila mlango wala birika. Hatukuvunja kitu chochote. Sote wawili tulikuwa tunaangalia TV.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo sijui kama ni akili au wazimu. Kontrola ya pili ina kijiti cha kushoto kinachokwama. Niliifungua, nikaisafisha, nikapaka tone la grisi ya kiwandani. Nikaiweka kwenye mkono wa kochi, upande ule wa mbali, nikakaa upande wangu na kuwasha gemu. Sikusema kitu. Panya wa pili, samahani, nguchiro wa pili, akasimama pale darajani akitikisa mkia.

Baada ya muda kochi likabonyea upande wa pili.

"Hii naifanya namna gani?"

"Kidole gumba cha kushoto kinamtembeza, Mama."

"Cha kushoto kimelala."

"Basi na yeye atatembea polepole."

Nguchiro wake alitembea moja kwa moja hadi ukingoni akaanguka mtoni. "Mkia juu, marafiki!" Akafufuka. Akaanguka tena. Mama hakucheka, nami sikuthubutu. Alianguka mchana kutwa. Chemutai alipoingia, mama alikuwa chumbani na mlango umefungwa, nami ninasinzia.

Alhamisi, 10 Aprili

Ameanguka mara chache leo.

Jumatatu, 14 Aprili

Chemutai ameuliza kwa nini mkono wa mama una joto. Mama akamwambia ni hali ya hewa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua ya mawe. Ilikuja saa nane, kwanza kelele upande wa msitu, kisha ikatufikia. Nimezaliwa kusikojua mvua kama hii na hadi leo huwa najificha. Mama alifungua mlango wa mbele akasimama kizingitini kuangalia. Ilipoisha, majani chai upande wa pili wa barabara yalikuwa yamebaki vijiti, na ardhi nyeupe.

Alishika shavu kwa mkono wa kulia. "Kama imepiga na Merigi, majani yangu imeisha," akasema, kwa uwanja, si kwangu.

Nikamwambia uwanja kwamba mvua ya mawe huchagua njia, huenda Merigi haikufika. Jioni Chemutai akampigia jirani simu: haikufika. Nikasikia mama akimshukuru Mungu kwa Kipsigis muda mrefu.

Stima ilipotea wakati tulikuwa tumefika katikati ya daraja, mbali kuliko siku zote. Hii gemu huhifadhi mwisho wa daraja tu. Yote yamepotea.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Kanisani mchungaji alisema tupeane mkono wa amani na kila mtu aliye karibu. Mama alikuwa mbele yangu. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, akanyoosha mkono nyuma kwa mtu aliyekaa karibu nami, akaniruka kama shimo la barabara. Nami nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu vya kanisani havina kamba.

Jumatano, 23 Aprili

Kiwanda kinafanya kazi nusu, majani ni machache baada ya mawe. Niko nyumbani mapema. Tumecheza.

Jumamosi, 26 Aprili

Jonah amepiga simu. Atakuja tarehe ishirini na nne Mei, siku moja, kisha anarudi Narok. Ameshazungumza na jamaa wawili watakaochukua ng'ombe.

Mama alisikiliza, akasema sawa, akaenda kulala kabla ya chakula.

Jumatatu, 5 Mei

Sitaki kuandika haya lakini nitaandika.

Sasa mguu wa nguchiro hausumbui tena. Mama anamtembeza vizuri, kidole gumba kimeamka. Shida ni mwisho wa daraja. Kuna kengele kubwa. Wachezaji wote wawili lazima wabane kitufe cha nyuma cha kushoto, kile cha kidole cha shahada, na kukishikilia wakati kengele inapanda. Mmoja akiachilia, kengele inaanguka na daraja linavunjika, unarudi mwanzo kabisa. Mama anabana. Halafu vidole vinachoka katikati na kuachia.

Leo kengele ilikuwa imefika karibu na juu. Nilikuwa sijalala vizuri. Nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti ninayomwitia Kipkurui mashine ikikwama, "Shikilia bana! Shikilia! Aah, wewe nawe!"

Kengele ikaanguka. Mama akaweka kontrola chini taratibu, akainuka, akaenda chumbani. Mlango ukafungwa bila kelele, na hiyo ilinichoma kuliko kama angeubamiza.

Nimemwambia mama mkwe wangu "wewe nawe". Kwa sababu ya panya. Mjomba wangu angesikia angenifukuza kwenye ukoo. Nimeona aibu hadi masikio yakawa moto.

Jumanne, 6 Mei

Mlango umefungwa.

Jumatano, 7 Mei

Nimesimama mbele ya mlango. Nikauambia, "Mtu wa hii nyumba alikosea. Alisema maneno ambayo hayasemwi. Anaomba msamaha." Mlango haukujibu. Nikatengeneza chai, nikatoka nje bila mwavuli.

Leo niliona kitu nilichokuwa sikioni. Nilidhani ninamvumilia mgeni. Kumbe kwa wiki zote hizi mchana wangu umekuwa na mtu. Sebule sasa ni pana na sijui nifanye nini ndani yake. Sikuwasha gemu.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikuwa nasinzia kweli niliposikia kochi limebonyea.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Tukiwa tunapita pango la barafu, akaanza kuzungumza, macho kwenye TV.

"Baba Tecla, wewe ulishawahi kukamua?"

"Hapana, Mama."

"Mtu hajui, anafinya chuchu kwa nguvu yote mara moja. Maziwa inarudi juu, ng'ombe inakupiga teke. Mimi hii kitu nimekuwa nikifinya hivyo kama mjinga. Unafunga kidole ya juu kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu. Kila moja inasaidia ingine. Unaweza kamua mpaka kesho."

Kisha, polepole: "Na mimi bwana yangu pia alikuwa ananipigia kelele tukichuna majani. Halafu anauambia mti pole." Akaokota njugu. "Ya mlango nilisikia."

Kwenye kengele alibadilisha mshiko. Kidole cha shahada, kisha cha kati juu yake, vingine vinabana mgongo wa kontrola. Kengele ilipanda juu kuliko siku zote. Ikaanguka, lakini hakuna aliyemlaumu mtu.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Daraja. Karibu.

Ijumaa, 16 Mei

Karibu.

Jumamosi, 17 Mei

Barabara ya Kaplong imekatika kwa matope, mazoezi ya hospitali yamesogezwa hadi Juni. Yaani baada ya Jonah. Chemutai amelia kidogo jikoni. Alitaka daktari aseme neno mbele ya kaka yake. Nilitaka kumwambia kuhusu kengele, lakini ningeeleza vipi? Kwamba wakati yeye anafundisha, mimi na mama yake tunakaa kochi moja?

Jumanne, 20 Mei

Sijui nianze wapi.

Tulianza mapema, anga nyeupe, hakuna mvua. Pango likapita. Mto ukapita, mama akamvusha nguchiro wake kabla yangu, akanisubiri upande wa pili akitikisa mkia kwa madharau. Daraja. Kengele.

"Tayari, Mama?"

"Juu kwanza," akajiambia. "Ya pili. Ya tatu."

Kengele ikaanza kupanda. Sikumwangalia. Niliona pembeni mwa jicho kontrola yake ikitetemeka, kisha ikatulia. Kengele ikapita pale inapoangukaga. Ikapita. Sikuvuta pumzi. Ikagonga juu, ngoo, daraja likashuka zima, nguchiro wote wawili wakakimbia wakipiga ile kelele yao, na kwenye kona ya TV kikaja kile kidirisha kidogo: Mikono Minne.

Nikaruka. Yeye pia akaruka, mwanamke mzima wa miaka yake. Nikasema "Mama!" naye akasema "Ai, Baba Tecla!" na nilipokuja kujua kinachoendelea, tulikuwa tumeshikana mikono.

Mkono wangu wa kulia. Wake wa kushoto, uliokuwa karibu. Na alikuwa ameufunga. Alinibana hivyohivyo, cha juu, cha pili, cha tatu, mpaka pete yangu ya ndoa, ambayo huivaa kulia, ikaniuma. Mkono uliolala tangu Januari.

Tukaona pamoja. Tukaachiana kama tumeshika boila. Yeye chumbani, mimi nje, nikasimama nyuma ya choo karibu saa nzima. Nimefurahi na nimeogopa kwa wakati mmoja. Mimi ndiye mtu pekee duniani anayejua kwamba ule mkono umerudi, na siwezi kumwambia mtu nimejuaje.

Jumatano, 21 Mei

Kiwandani Kipkurui ameona pointi zangu kwenye simu yake.

"Acha! Mikono Minne? Umecheza na nani, msee?"

"Na mtu wa Merigi."

"Ni mnoma, anajua gemu?"

"Sana," nikasema, nikaenda kuangalia feni za kunyaushia majani. Nimengoja kumpita tangu mwaka jana, na leo sikuwa na hamu hata ya kumcheka.

Mama hajatoka chumbani nikiwepo.

Jumamosi, 24 Mei

Jonah alifika kabla ya chakula, na matope hadi magotini. Ni mtu mpole, anasema polepole, na alikuwa amebeba sukari na unga. Tulikaa sebuleni wote. Mama kwenye kiti karibu na mlango wa chumbani, mimi karibu na mlango wa nje, kila mmoja akiangalia pembeni, kama inavyotakiwa. Tecla alitumwa kwa jirani.

Jonah alieleza. Jamaa wanakuja Jumatatu kuchukua ng'ombe. Hakuna anayemnyang'anya mama kitu, ng'ombe watabaki wake, na ndama pia.

"Mkono imepona," mama akasema.

"Mama."

"Nimesema imepona."

Jonah akamwangalia dada yake. Chemutai akaangalia chini. "Daktari hajamwona mwezi huu," akasema. "Barabara ilikatika."

"Basi, Mama, tutajuaje? Nikuwache peke yako Merigi, uanguke na ndoo, watu waseme nini?" Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nikaona kwamba naye halali. "Nani amepima hii mkono?"

Nilikuwa naangalia TV, imezimwa, na ndani ya kioo chake nilijiona nimekaa kimya kama gunia. Nikajiambia, sema. Ulimi ukakataa. Wazee wa kwetu wote, walio hai na waliokufa, walikuwa wameukalia.

Ni mama aliyesema.

"Uliza Baba Tecla."

Vichwa vyote vikageuka.

"Nilimshika mkono," mama akasema. "Na hii. Jumanne."

Chemutai aliweka kiganja mdomoni. Jonah aliniangalia, akamwangalia mama yake, akaniangalia tena, na masikio yake yakawa mekundu kwa niaba yetu.

"Shemeji? Ni ukweli?"

"Ni ukweli," nikaiambia TV. "Aliniumiza." Nikanyoosha kidole, alama ya pete ilikuwa bado ipo, ya kijani.

Jonah alimeza mate. "Mlisalimiana?"

"Hatukusalimiana," mama akasema. "Tulishinda."

Ikabidi nieleze. Nilieleza yote, kengele, panya, kontrola, mbinu ya kukamua, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mjinga. Chemutai alianza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Jonah hakucheka. Aliinuka, akapiga magoti mbele ya mama yake na kumpa vidole viwili.

"Finya."

Mama akafinya. Jonah akasema "Ai!" kwa sauti ya mtoto. Alibaki pale chini muda, kichwa kwenye goti la mama, na mama akamshika kichwa kwa mkono uleule.

Wamekubaliana hivi: jamaa wapigiwe simu wasije. Mama arudi Merigi wiki ijayo, binti wa jirani awe analala naye mpaka daktari amwone.

Kuhusu lile lingine, Jonah aliniita nje. Nilijua linakuja. Akasimama akiangalia majani chai, ambayo yameanza kuchipua tena.

"Shemeji, hii mambo ya mkono. Mchungaji ajue?"

"Unaonaje?"

Akafikiri. "Ilikuwa ya kushoto," akasema mwishowe. "Salamu ni ya kulia." Akaingia ndani kunywa chai.

Jumapili, 1 Juni

Mama ameondoka. Nimerudi zamu ya mchana, nimelala kitandani kwangu. Usingizi haukuja.

Jumatano, 4 Juni

Daktari ameridhika. Amemuuliza mama alikuwa anautumia ule mpira mara ngapi kwa siku. Mama akamjibu, kila siku.

Jumamosi, 14 Juni

Tumekwenda Merigi. Ng'ombe wapo wote kwenye boma. Yule mwenye baka jeupe usoni karibu alikuwa amekauka, jirani alikuwa amekata tamaa naye, lakini anarudi polepole.

Mama alikuwa ameweka viti viwili nje, mbali kidogo, vyote vikielekea bomani. Akanionyesha kimoja kwa kidevu. Kisha akachukua ndoo, akaenda kuinama chini ya ng'ombe, mgongo kwangu. Nilisikia maziwa yakipiga bati, upande mmoja kwanza, kisha pande zote mbili, kwa zamu, bila kukatika. Nilikaa nikisikiliza hadi sauti ikawa nzito na povu likafika juu.

Alipomaliza, alikuja akaketi kwenye kiti cha pili. Chemutai na Tecla walikuwa ndani wakiwasha moto. Tulikaa kama kwenye kochi, sote tukiangalia upande mmoja.

"Baba Tecla," akamwambia ng'ombe.

"Naam, Mama."

"Yule panya. Hakuna yake ya pili?"

"Ipo, Mama. Wanasema ni mbaya kuliko ile."

Alifuta mkono wa kushoto kwenye leso, akaufungua, akaufunga.

"Nunua," akasema.